Mbwa Aliyekataa Kurefuka

Kumwomba Kanyere mtoto wa mbwa kulikuwa na kazi kuliko kumwomba mchumba. Ukienda kuposa, wazee watakuuliza jina la babako, watawatazama mbuzi uliowaleta, na kabla jua halijazama mtakuwa mnakunywa pamoja. Kwa Kanyere hapakuwa na kinywaji. Alikuketisha kwenye ubao nje ya mlango wake pale Vulamba, mtaa wa Butembo, mashariki mwa Kongo, yeye akaendelea kuchambua maharagwe ya kupeleka sokoni, na maswali yakaanza. Nani anashinda nyumbani mchana? Kwako kuna ngazi? Watoto wako wanakimbia-kimbia? Nguo zako za kwenda misa ni za rangi gani?

Ukishangaa swali la nguo, alikuonyesha kitenge chake kilichojaa manyoya ya rangi ya chai ya maziwa.

"Hii ni ya leo," alisema. "Ya jana nilisha panguza."

Wengi waliondoka wamenuna. Wakamwita mwanamke wa maringo: watu wanakimbia vita huku na huku, yeye anahoji watu wazima juu ya mbwa! Waache waseme. Hawakuwapo siku ile alipojifunza maswali hayo, tena kwa kuumia.

Kanyere hakuzaliwa mtu wa mbwa. Kwao ni juu kwenye baridi, upande wa Lubero, kwa wakulima wa viazi, ambako mbwa alilala nje, akala alichokiokota, na jina lake lilikuwa Mbwa, basi. Aliolewa Butembo na Maliro, fundi wa mbao, akamzika kabla ya vita. Mabinti wake wawili walikuwa wamekwisha kuondoka, mmoja mtawa, mwingine amemfuata mume mfanyabiashara hadi Kampala. Mama akabaki na nyumba iliyomzidi ukubwa, mbuzi wake, na biashara ya maharagwe. Kujazia, aliwafulia na kuwapigia watu pasi. Mmoja wao alikuwa Bwana Edmond, Mbelgiji aliyenunua kahawa, mwenye nyumba juu ya kilima.

Vita vilipoanza tena Agosti ya mwaka 1998, wazungu waliondoka kwa haraka. Bwana Edmond alipata nafasi katika ndege ndogo, nafasi ya mtu, si ya mbwa. Na mbwa alikuwa naye, ameletewa kutoka Ulaya miezi michache tu nyuma. Alishuka naye hadi Vulamba, akaiweka kamba mkononi mwa Kanyere.

"Anaitwa Filou. Ni korgi," alisema. "Nitarudi nyuma ya wiki mbili."

Halafu akalia, mzee mzima, mbele ya majirani. Kanyere hakuwahi kumwona mzungu akilia, na ni kwa ajili ya machozi yale alikubali kuishika kamba. Bwana Edmond hakurudi. Neno korgi lilipita hivyo hivyo; Kanyere alidhani ni jina la ukoo.

Sasa mtazame huyo Filou. Ukianzia kichwani, ni mbwa wa heshima: masikio yamesimama, macho makali, kifua kipana cheupe. Ukishusha macho, miguu imeishia njiani. Tumbo liko karibu na ardhi, mgongo ni mrefu, na nyuma anatikisa makalio kama mama mwenye duka lake. Vulamba nzima ilikuja kuona, na Vulamba nzima ikatoa jibu moja: huyu bado hajakua.

Aliyelitamka kwa sauti ni Lusenge, mdogo wa marehemu Maliro, mtu mwema ambaye katika maisha yake hajawahi kusema "sijui".

"Shemeji, mbwa hii ilikuwa na njaa kule kwa muzungu. Miye niliona na macho yangu, alikuwa anaipimia chakula na kikombe. Umupe bugali. Miguu itatoka."

Kanyere naye alikuwa amekiona kikombe hicho, na kilimkera tangu siku ya kwanza. Mtu mwenye magunia ya kahawa hadi darini, anampimia mbwa chakula kwa kikombe! Kwao Kanyere, mtoto aliyedumaa hulishwa mpaka aone haya kubaki mfupi. Akaanza kazi. Bugali asubuhi na mchuzi wa maharagwe, bugali jioni na vichwa vya samaki, katikati avoka, maana miti ya avoka haikujali vita, ilizaa tu. Majirani walileta makombo yao. Jumapili baada ya misa Lusenge alikuja na kijiti, akapima mguu wa mbele, akatia alama. Alama ya leo ikakaa juu ya alama ya juzi. Miguu haikusogea. Tumbo ndilo lililosogea, likawa linafagia uwanja, na Filou akaanza kuhema hata akiwa amelala.

"Inajikusanya," alisema Lusenge. "Mara moja utashangaa."

Mara moja wakashangaa kweli. Nyumba za Vulamba zimepandwa kwenye mteremko, na kwa Kanyere ulishuka barabarani kwa ngazi zilizochimbwa katika udongo. Asubuhi moja ilipita baiskeli imebeba ndizi. Filou hakuvumilia baiskeli. Alibweka, akaruka kutoka ngazi ya juu kabisa, akaanguka na uzito wake wote. Kilio alichotoa kilimtoa Kanyere nyumbani mikono ikidondoka povu. Miguu ya mbele ilisimama. Ya nyuma ilikokoteka.

Mwingine angeita vijana waje wammalize, na hakuna ambaye angemlaumu. Kanyere alimfunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, akapanda lori la viazi lililokuwa linarudi tupu Lubero, kwa Phinées, daktari wa mifugo aliyewatibu ng'ombe wa babake zamani. Njia ile siku zile haikuwa njia ya kupita kwa mapenzi. Kwenye kizuizi askari wa waasi alinyoosha bunduki juu ya karoseri ya lori.

"Mama, unabeba nini?"

"Mugonjwa."

Akafunua kitenge. Masikio mawili yakasimama. Askari yule alirudi nyuma hatua, kisha akacheka mpaka akaegemea gurudumu, akawaita wenzake waje kumwona mtoto wa mama huyu, na lori likapita bila mtu kushushwa. Abiria walimshukuru Kanyere. Yeye hakusikia, alikuwa anaomba Bikira Maria kwa ajili ya mbwa, na aibu hakuona.

Phinées alimlaza Filou mezani, akapitisha vidole kwenye uti wa mgongo, akauliza amekula nini. Kanyere alieleza kwa fahari. Daktari akainua kichwa.

"Nani alikwambia haiyakomaa bado?"

"Batu yote."

"Mama Kanyere, mbwa hii ilisha komaa zamani. Miguu yake njo ile. Ni mbwa ya ng'ombe. Inaluma ng'ombe ku kisigino, ng'ombe inatupa teke, na teke inapita juu ya kichwa. Ingekuwa mirefu, ingalikufa siku ya kwanza. Hii mugongo murefu, weye umeibebesha tumbo ya nguruwe."

Kanyere alikaa chini. Aliona aibu, kisha akamkumbuka Lusenge na kijiti chake, akacheka, na katikati ya kicheko akalia, kwa sababu alikuwa amemvunja kwa upendo wake mwenyewe mnyama aliyewekwa mikononi mwake.

"Itatembea?"

"Kama mutaiheshimu. Iikale bila kuruka. Chakula kidogo, hata ikikuangalia na macho ya yatima, juu ya kula haitashiba hata siku moja. Ngazi, hapana. Kuibeba, mukono moja chini ya kifua, moja chini ya makalio, hapana kuinua na mapaja kama mbuzi. Nywele uchane kila siku. Na ikipona, uipe kazi. Ikikosa kazi itajitafutia yenyewe, na ile kazi hautaipenda."

Alirudi nayo yote kichwani. Lusenge aliposikia alichukua jembe akazibomoa ngazi zote, akatengeneza mteremko laini mpaka barabarani, na kijiti hakikuonekana tena. Kanyere akatafuta kikombe. Ilimuuma kila siku kukijaza na kuacha hapo, kwa kuwa Filou alijua kulia bila sauti, lakini hakuongeza hata punje. Alimbeba kwenda juani, akambeba kurudi kivulini. Tumbo likapanda polepole, na siku moja, wakati wa mvua, mguu wa nyuma ukakanyaga. Kanyere alipiga vigelegele peke yake uwanjani.

Kazi ilikuwepo: mbuzi. Wapitao barabarani walisimama kumwona mbwa mfupi akiwakusanya mbuzi mteremkoni, akiwaluma visigino kwa adabu, asimwache hata mmoja. Kwa bahati mbaya hakutofautisha mbuzi na watoto wa shule. Mtoto akikimbia, kisigino chake kilikuwa mali ya Filou. Alibweka kwa pikipiki, kwa kengele ya kanisa, kwa mtu aliyevaa kofia mpya. Manyoya yaliingia kwenye maharagwe, na Kanyere alichambua mara mbili ili wateja wasigombe. Majike ya jirani yakazaa watoto wenye miguu mifupi, wenye majike wakampa Kanyere fungu lake la watoto kama ilivyo haki ya mwenye dume, na watu wakaanza kuja kuomba. Hapo ndipo ule ubao nje ya mlango ulipopata umaarufu wake.

Mwaka 2002 jeep ilisimama chini ya mteremko. Mtu aliyeshuka aliitwa Commandant Grady, mkubwa wa waasi, mtu wa mkoa wa Équateur, mrefu, ambaye Vulamba nzima ilijua alipotaka kitu hakurudia kusema. Alikuwa na binti yake Jeannine, ambaye hajafikia umri wa shule. Filou alikuwa anawaingiza mbuzi zizini. Mtoto akacheka, akakaa chini, na mbwa, sijui kwa nini, hakumluma. Alijilaza mapajani mwake na kumwachia manyoya gauni zima.

"Mama," alisema Grady, "mbwa hii tunaibeba."

Kanyere alijua waliomkatalia na yaliyowapata. Alijua pia mbwa wa kambini wanavyoishi: mnyororo mfupi, makopo ya nyama siku ya furaha, risasi siku mwenye bunduki akichoka na kubweka. Alitaka kusema ndiyo, Commandant. Lakini mdomo ulikuwa na mazoea yake.

"Ikala," akasema, akaonyesha ubao.

Grady akaketi, labda kwa mshangao. Askari wawili nyuma yake wakatazama viatu vyao.

"Nani anashinda kwenu muchana?"

"Mama, miye niko na batu makumi tano! Hakuna wa kuangalia mbwa?"

"Batu makumi tano njo kusema hakuna mutu. Nataka mutu moja."

Lusenge, aliyekuwa anatengeneza zizi, alijikunyata nyuma ya nguzo. Grady alimtazama mwanamke huyu mwenye ungo wa maharagwe mapajani, kisha akamtazama binti yake, na kitu fulani usoni mwake kikalegea.

"Bibi yangu, mama Jeannine," alisema.

"Basi akuye hapa. Ashinde nayo, ajifunze. Akisha kujua, mutaibeba. Nikikupa leo, Commandant, mutaiuwa na mapendo yenu, vile miye nilikaribia kuiuwa na yangu."

"Eza bongo, iwe vile," alisema Grady, akasimama na kutoa amri kwamba mkewe atakuja kujifunza, kana kwamba wazo ni lake.

Jeep ilipoondoka Lusenge alitoka nyuma ya nguzo.

"Shemeji, unataka batumalize sisi bote?"

"Nyamaza. Maliza zizi."

Ukweli ni kwamba aliomba usiku na mchana yule mwanamke asije. Mke wa commandant, tena mgeni, atataka kuchambua manyoya ya mbwa? Lakini alikuja, kesho yake, kwa miguu, na mtoto mkononi. Jina lake Kapinga, Mluba wa Kasai, mwalimu wa shule ya msingi kabla hajamfuata mumewe kutoka kambi hadi kambi. Vulamba haikumsalimu. Sokoni wanawake walifunga midomo akipita, na hawakuwa na kosa. Bunduki za mumewe walizijua. Kanyere naye alipanga kuwa mkali.

Ukali ulidumu mpaka Kapinga, sketi yake nyeusi imegeuka rangi ya chai, alipoketi chini akacheka peke yake kama mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Kanyere akamletea kiti.

Siku zikafuatana. Kapinga alijifunza kuchana, kuanzia shingoni. Alijifunza kikombe, na kutazama pembeni Filou akianza macho ya yatima. Alijifunza kumbeba kwa mikono miwili, kumnyamazisha kwa neno moja lililotamkwa chini, kumpa kazi kabla hajajipa. Walizungumza kuhusu uji, kuhusu waume, kuhusu mwili unavyouma wakati wa baridi. Kanyere alimpenda, na hilo ndilo lililomtesa, kwa sababu kila somo lililoshika lilimsogeza Filou karibu na jeep. Angeweza kumfundisha vibaya. Angemwambia mbwa ana kifafa, ana laana, analuma usingizini. Kapinga angesadiki na mambo yangeishia hapo. Wazo hilo lilimjia kila asubuhi, na kila asubuhi alifundisha sawasawa, hata siri ndogo alizozigundua mwenyewe, kwa kuwa ni mgongo wa Filou ambao ungelipa uongo wake. Sijui wangapi kati yetu wangefanya hivyo.

Amri ikafika. Mapigano yalikuwa yanasogea upande wa Mambasa, na kikosi cha Grady kilitakiwa Beni mara moja. Asubuhi lori lilisimama chini ya mteremko, limebeba masufuria, magunia, na godoro la Kapinga juu ya yote. Kanyere alikuwa amekwisha kumchana Filou. Alifungasha brashi na kikombe, akashuka naye, macho makavu, maana alikuwa amelia yote alfajiri. Akanyoosha kamba.

Kapinga hakuipokea.

"Shika, tunachelewa," alisema Grady.

"Hapana," Kapinga alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini askari wote waliisikia. "Papa Jeannine, nilijifunza yote. Njo maana. Kule Beni, ku mutaa ya Beu, tunaenda kulala mu nyumba ya batu benye kukimbia. Mwezi wa kuya, hatujue. Mbwa hii haiombe chakula mingi, haiombe hata bwana muzuri. Inaomba fasi moja tu ya kuikala. Siye hatuna fasi. Hatukuwake nayo."

Uso wa Grady ukawa mweusi. Mbele ya watu wake, mkewe! Mtoto alianza kulia, ameshika masikio ya Filou. Kwa muda hakuna aliyejua mkono wa commandant ungeenda wapi. Mwishowe ukaonyesha lori.

"Mbwa ibaki. Mupande."

Kanyere alikuwa amepewa mbwa wake. Alipaswa kugeuka, apande mteremko, afunge mlango na kumshukuru Mungu. Alisimama pale na kamba mkononi, akamtazama Kapinga akimbandua mtoto vidole kimoja kimoja, na furaha ikakataa kuja.

"Commandant," alisema. "Na mutoto, yee haombe fasi moja?"

Grady aligeuka.

"Chumba ya batoto yangu iko wazi. Babaki hapa, yee na mama yake. Weye wende ku vita yako."

Lusenge alikohoa kwa nguvu. Juu ya mteremko majirani walikuwa wamesimama, na Kanyere alijua watakayosema: ameingiza bunduki mtaani. Hakuwatazama.

Grady alimkaribia mpaka kivuli chake kikamfunika.

"Mama, bibi yangu haizoee bugali ya muhogo."

"Mahindi iko."

"Risasi ikilia, anatetemeka siku muzima."

"Hata miye."

"Batu ya hapa habamupende."

"Miye bananipenda kidogo. Itatutosha."

Commandant alipouliza tena hakuwa anauliza kama mkubwa.

"Na nikikosa kurudi?"

Kapinga aliziba mdomo kwa kitambaa chake. Kanyere hakukimbilia kujibu, kwa kuwa neno la namna hiyo likitoka halirudi, na alitaka kwanza kulipima kama ana nguvu nalo.

"Basi hapa itakuwa kwake," alisema.

Grady alipanda mwenyewe juu ya lori, mbele ya askari wake wote, akafungua kamba za mizigo na kuanza kulishusha godoro.